Meza ya Bwana Iliyo Salama na Wazi kwa Wote: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Waumini wa Shinyanga na Geita

Utangulizi

Mchimbaji mdogo mwenye umri wa miaka 38, mkazi wa kijiji kimoja mkoani Geita, anagunduliwa kuwa na kifua kikuu. Anaanza dawa katika kituo cha afya, na baada ya majuma machache kikohozi kinapungua. Jumapili ya Meza ya Bwana, mzee mmoja wa kanisa anamfuata nje na kumwomba kwa upole asikisogelee kikombe mpaka amalize dozi. Mkewe, ambaye hana ugonjwa, naye anaombwa anywe mwisho. Wiki mbili baadaye familia hiyo haionekani tena ibadani. Mwezi wa tatu wa matibabu mchimbaji anahamia kwenye maduara ya mbali, penye watu wasiomjua, na kadi yake ya dawa inabaki kituoni bila alama mpya.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini hatua zake zinafahamika kwa mhudumu yeyote aliyewahi kuwafuatilia wagonjwa walioacha dawa. Mzee wa kanisa hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuwalinda washarika wenzake. Kosa lake lilikuwa la kitaalamu: aliitafuta hatari kwenye kikombe, nayo ilikuwa kwenye hewa. Kosa hilo likazaa hatari kubwa kuliko ile aliyoikimbia, kwa maana mgonjwa anayeacha dawa za kifua kikuu kabla ya wakati huweza kuambukiza tena, na vimelea vyake huweza kujenga usugu dhidi ya dawa.

Baada ya kulisoma somo hili, mhudumu wa afya ataweza kueleza ni magonjwa gani yanayoweza na yasiyoweza kuenezwa katika Ushirika Mtakatifu, kuwashauri viongozi wa dini juu ya vyombo, maji na hewa, na kuwasaidia wagonjwa na watu wenye ulemavu kushiriki bila kuhatarisha afya zao. Muumini anayeumwa atajua maswali ya kumwuliza daktari wake na maombi anayoweza kuyapeleka kwa mchungaji au padri wake.

Meza moja, desturi mbalimbali

Katika Shinyanga na Geita, Wakristo huisogelea Meza ya Bwana kwa namna tofauti. Kwa Wakatoliki, mara nyingi waamini hupokea hosti peke yake, mkononi au mdomoni. Katika sharika za Kilutheri na za Kianglikana kipo kikombe kimoja kinachopitishwa, na zipo sharika zinazotumia vikombe vidogo au kuchovya mkate katika divai. Waadventista Wasabato hutumia juisi ya zabibu isiyochachuka na mkate usiotiwa chachu, tena hutanguliza huduma ya kutawadhana miguu.

Mhudumu wa afya hana mamlaka ya kusema ni mkate upi au kinywaji kipi kinachokubalika kiimani. Hilo ni la kanisa lenyewe. Kazi yake ni kueleza namna ugonjwa unavyoenea na namna mwili unavyoweza kudhurika, kisha kuwaachia viongozi wapange utaratibu ndani ya imani yao. Anayezingatia mpaka huo husikilizwa. Anayeuvuka huonekana kuwa mgeni aliyekuja kubadili dini za watu.

Kifua kikuu hupita katika hewa

Robert Koch alikitambulisha kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882. Tangu hapo elimu ya namna kinavyoenea imezidi kuwa wazi. Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu anapokohoa, kupiga chafya, kuimba au kuzungumza, hutoa chembechembe ndogo mno zinazoelea hewani. Katika chumba kilichofungwa chembechembe hizo huweza kubaki kwa saa kadhaa, na mtu huambukizwa anapozivuta hadi ndani ya mapafu. Kifua kikuu cha mapafu hakienezwi kwa kushirikiana sahani, kijiko au kikombe, wala kwa kupeana mikono.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika ukanda wa dhahabu. Vumbi la mawe yanayopasuliwa ndani ya maduara na kusagwa kwenye makarasha huwa na silika. Silika huharibu kinga ya mapafu na huleta ugonjwa wa silikosisi, na mwenye silikosisi huugua kifua kikuu kwa urahisi mara kadhaa zaidi kuliko mtu mwingine. Zaidi ya hayo, wachimbaji hulala wengi katika vibanda vidogo na huhama mara kwa mara. Kwa hiyo usharika ulio karibu na machimbo unapaswa kuchukulia kwamba miongoni mwa waimbaji na washarika wake huenda yumo mtu mwenye kifua kikuu asiyejijua.

Mtu huyo ndiye wa kumfikiria kwanza. Aliyekwisha kugunduliwa na kuanza dawa zinazomfaa huacha kuwa hatari kwa haraka. Kwa desturi, wiki mbili za mwanzo ndizo zinazowekewa tahadhari zaidi, isipokuwa pale kifua kikuu kinapokuwa sugu, ambapo kliniki ndiyo itakayotoa maelekezo. Anayebaki hatari ni yule anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku, anayekonda, na ambaye hajapimwa. Kumwondoa mezani mwenye kadi ya dawa ni kumwadhibu yule aliyekubali kutibiwa, na wote wanaoshuhudia hujifunza kuuficha ugonjwa.

Kinga ya kweli ni madirisha. Madirisha yanayotazamana yafunguliwe ibada nzima. Kanisa la mabati lisilo na madirisha ya kutosha liongezewe matundu ya hewa juu ya kuta. Mazoezi ya kwaya na mikesha ifanyike mahali penye hewa, kwa kuwa saa sita za kuimba katika chumba kilichofungwa zina hatari ambayo kikombe cha nusu dakika hakiwezi kuikaribia. Kwa mgonjwa aliye katika wiki za mwanzo, mchungaji au padri anaweza kumpelekea Ushirika nyumbani, wakaketi nje chini ya mti, mgonjwa akivaa barakoa mpaka wakati wa kupokea.

Yale yaliyochunguzwa juu ya kikombe

Hofu ya kikombe ina historia ndefu. Miaka ya 1890, elimu ya vimelea ilipokuwa ingali mpya, makanisa kadhaa ya Marekani yalianza kutumia vikombe vidogo, kila mtu na chake. Mwaka 1943 Burrows na Hemmens wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha majaribio yaliyoonesha kwamba vimelea vinavyohama kutoka mdomo mmoja hadi mwingine kwa njia ya kikombe cha fedha ni vichache sana. Mwaka 1967 Betty Hobbs na wenzake huko Uingereza walionesha kwamba kukizungusha kikombe peke yake hakutoshi, bali kukifuta ukingo kwa kitambaa safi hupunguza vimelea kwa takriban asilimia 90. Mwaka 1998 wataalamu wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa waliandika kwamba hapajapatikana ugonjwa wowote uliothibitishwa kuwa ulienezwa na kikombe cha Ushirika.

Maneno hayo yasomwe kwa uangalifu. Maana yake ni kwamba hatari ni ndogo mno, wala hayasemi kwamba haipo kabisa. Divai haiui vimelea kwa muda mfupi kama huo: kitakasa mikono huhitaji angalau asilimia 60 ya alkoholi, nayo divai huwa na takriban 12. Mafua, maambukizi ya koo na vipele vya homa midomoni ni magonjwa yanayoweza kuhama kwa mate. Mwenye mafua au kidonda mdomoni anafanya vyema kupokea mkate peke yake kwa siku hiyo, na asidhaniwe kuwa amepungukiwa.

Magonjwa yanayosingiziwa kikombe

VVU havienezwi kwa mate, kwa kikombe, wala kwa mkate uliomegwa na mkono wa mwenye VVU. Kifafa hakiambukizi hata kidogo, na povu la mdomoni wakati wa degedege halina ugonjwa ndani yake. Ualbino ni hali ya kurithi, haiambukizi. Ukoma ukishaanza kutibiwa hauenei, na makovu yanayobaki vidoleni si dalili ya maambukizi. Virusi vya homa ya ini B huenea kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Kutumia chombo kimoja cha kunywea si njia yake.

Mhudumu wa afya anapotoa elimu hii ibadani, asiitoe kwa kumtaja mgonjwa, hata kwa nia ya kumtetea. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mwenye VVU na kukataza ubaguzi dhidi yake. Kiongozi wa dini aliyeambiwa siri hiyo faraghani naye anabeba dhamana ileile.

Mikono, maji na vyombo

Hatari iliyo karibu zaidi ni ya kawaida kabisa, na kwa sababu hiyo husahauliwa. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kiliripotiwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ikiwamo Simiyu na Shinyanga. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hupita katika maji na mikono michafu. Mtu anayeumega mkate kwa ajili ya watu mia mbili anawalisha watu mia mbili kwa mkono wake.

Kwa hiyo kila anayegawa anawe mikono kwa sabuni na maji tiririka, mbele ya waumini, kabla tu ya kugawa. Mwenye kuhara au kutapika asigawe mpaka apone na kutimiza angalau siku mbili bila dalili. Maji yoyote yanayochanganywa na divai au juisi yawe yamechemshwa au yametiwa dawa. Juisi inayotengenezwa nyumbani iandaliwe siku ileile, maana katika joto la Shinyanga juisi ya jana huwa imeanza kuchachuka au kuharibika.

Vikombe vidogo vinahitaji neno la ziada. Wengi huamini kwamba vyenyewe ni usafi tosha. Vikombe 200 vilivyosuuzwa ndani ya beseni moja la maji baridi vimeoshwa kwa mate ya watu 200, na kikombe kimoja kinachofutwa vizuri huenda kikawa salama kuliko hivyo. Vikombe vidogo vioshwe kwa sabuni, visuuzwe kwa maji safi yanayobadilishwa, vichemshwe ikiwa ni vya kioo au chuma, kisha vianikwe kwenye kichanja vikiwa vimeinamishwa chini. Panapochovywa mkate, achovye mgawaji peke yake, kwa kuwa vidole vingi vinavyoingia katika divai huipeleka kwa wote.

Katika kutawadhana miguu, maji yabadilishwe kwa kila mtu, na mwenye kidonda, hasa mgonjwa wa kisukari, afunikwe kidonda chake au afanyiwe ishara ya kutawadhwa bila kulowesha mguu.

Wakati wa mlipuko mkubwa utaratibu hubadilika. Januari 20, 2025 serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, wilaya inayopakana na mkoa wa Geita. Watu 10 walihesabiwa kuwa wagonjwa, wawili kwa kuthibitishwa na maabara na wanane kwa dalili na mazingira, na wote walifariki kabla ya mlipuko kutangazwa kumalizika Machi 13. Marburg huenea kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Katika hali kama hiyo, kikombe cha pamoja, kutawadhana miguu, kuwekeana mikono na kushikana mikono ya amani husimamishwa kwa wote kwa siku ileile, kufuatana na maelekezo ya Wizara ya Afya. Neno la kushika hapa ni *wote*. Agizo likigusa familia moja tu, wagonjwa wanaofuata watajificha.

Kufunga na kunywa dawa

Kliniki hukutana na wagonjwa wanaoruka dawa za Jumapili asubuhi kwa kuogopa kuuvunja mfungo kabla ya Komunyo. Hofu hiyo haina msingi katika sheria ya Kanisa Katoliki. Kanuni ya 919 ya mwaka 1983 inaagiza kufunga chakula na kinywaji kwa muda wa saa moja kabla ya Komunyo, na inasema wazi kwamba maji na dawa havivunji mfungo huo. Wazee, wagonjwa na wanaowatunza wanaweza kupokea hata kama wamekula ndani ya saa hiyo.

Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari asikae na njaa mpaka mwisho wa ibada ndefu. Sukari ikishuka atatoka jasho, atatetemeka na kuchanganyikiwa, na huenda akaanguka. Anywe kinywaji chenye sukari mara moja bila kungoja baraka ya mwisho. Hosti yenyewe, iliyo chini ya gramu moja, haipandishi sukari kwa kiasi cha kuhofiwa. Dawa za kufubaza VVU na dawa za kifua kikuu zinywewe kila siku kwa saa yake, Jumapili ikiwemo.

Pale mkate au divai isipomfaa mtu

Wapo watu wachache ambao utumbo wao hudhurika kwa protini ya ngano iitwayo gluteni, katika ugonjwa uitwao siliaki. Kwao hata kipande kidogo kinaweza kudhuru. Kanisa Katoliki, katika maelekezo ya mwaka 2003 na 2017, linakubali hosti yenye gluteni kidogo sana, ingawa halikubali isiyo na gluteni kabisa. Na kanuni ya 925 inaruhusu, panapokuwa na haja, kupokea divai peke yake. Makanisa mengine yana uhuru wa kutumia mkate wa nafaka nyingine. Mkate huo utengwe katika chombo chake, na usishikwe kwa mkono ulioshika mkate wa ngano.

Kwa divai, watu wawili wakumbukwe. Wa kwanza ni anayetumia dawa zisizopatana na kileo. Anayetumia disulfiramu ili aache pombe anaweza kudhurika kwa kiasi kidogo tu, na anayetumia metronidazo hushauriwa kuepuka kileo mpaka siku chache baada ya dozi. Wa pili ni yule aliyeacha pombe baada ya kuteswa nayo, jambo lisilo geni katika makambi ya wachimbaji. Tone lile huenda lisimdhuru ini, lakini ladha na harufu yake huweza kuamsha kiu ya zamani. Juisi isiyochachuka ilipatikana kwa ajili hiyohiyo: mwaka 1869 Thomas Bramwell Welch, muumini wa Kimethodisti huko Marekani, alichemsha juisi ya zabibu ili isichachuke na iweze kutumika mezani. Kanisa lisilotumia juisi linaweza kumruhusu mtu huyo apokee mkate peke yake, bila kuulizwa sababu.

Mgonjwa wa kiharusi au mwenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu anaweza kupaliwa. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikiwa kama yenye maji baada ya kumeza, asipewe mkate mkavu kabla muuguzi hajashauri. Aketi wima, apewe chembe ndogo iliyolainishwa kwa maji au divai juu ya kijiko, na asilazwe mara baada ya kumeza. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikwisha kuagiza kwamba anayekaribia kufa asinyimwe Ushirika. Kazi ya muuguzi ni kuliwezesha jambo hilo bila kumpalia mgonjwa.

Mwili usioifikia meza

Kuna mtu anayefika mbele mikono ikimtetemeka, akapepesuka, na wagawaji wakadhani amelewa. Katika ukanda wa dhahabu mtu huyo huenda ni mgonjwa wa zebaki. Wachimbaji wadogo huichanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kisha huichoma, na mvuke wake huingia mwilini kwa pumzi. Uchunguzi wa kitabibu uliofanyika Rwamagasa, wilayani Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya mradi wa kimataifa uliosimamiwa na UNIDO, ulikuta dalili za sumu ya zebaki miongoni mwa watu waliofanya kazi hiyo. Kutetemeka mikono, kukosa mizani, kusahau na kutokwa na mate mengi ni miongoni mwa dalili hizo. Mtu huyo ashikiwe kikombe au apewe kwa mdomo, kisha aelekezwe kwa faragha kwenda kupimwa. Mgawaji makini anaweza kuwa wa kwanza kuona ugonjwa ambao familia imeuita ulevi kwa miaka mingi.

Aliyevunjika uti wa mgongo kwa kufukiwa na duara hawezi kupanda ngazi tatu za madhabahu wala kupiga magoti. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Mteremko wa zege mlangoni haugharimu fedha nyingi. Pale usipokuwepo, mgawaji amfuate mtu alipoketi, kwa zamu ya safu yake, asimwache awe wa mwisho.

Mwenye uoni hafifu aambiwe kwa sauti ya chini mkate uko wapi na kikombe kiko upande gani wa mkono wake. Mtu mwenye ualbino apewe nafasi ya mbele na, ibada ikiwa nje, aketi kivulini. Kiziwi apate mkalimani wa lugha ya alama, au walau maneno ya kugawa yasemwe mgawaji akimtazama usoni. Mji wa Shinyanga una uzoefu wa karibu katika hayo: Shule ya Msingi Buhangija imewalea kwa miaka mingi watoto wenye ualbino, wasioona na viziwi, na walimu wa aina hiyo wanaweza kuombwa kuwafundisha wagawaji.

Utaratibu mmoja kwa wote

Hospitalini, mwuguzi huvaa glavu kwa kila mgonjwa anapogusa damu, hata ikiwa majibu ya kipimo hayajulikani. Kwa njia hiyo mwuguzi yuko salama, na hakuna mgonjwa anayejulikana kwa glavu zake. Kanuni hiyo inafaa kuhamia kanisani kama ilivyo: tahadhari iwe ya kila mtu, ili isimtambulishe yeyote. Hatua zifuatazo zinaweza kujadiliwa na baraza la wazee au kamati ya liturujia:

1. Madirisha na milango ifunguliwe kabla ya ibada na ibaki wazi.
2. Wagawaji wote wanawe mikono kwa sabuni mbele ya waumini.
3. Ukingo wa kikombe ufutwe kwa kitambaa safi baada ya kila mtu, kitambaa kikizungushwa na kubadilishwa kinapolowa.
4. Itangazwe kila mara kwamba kupokea mkate peke yake, au kinywaji peke yake, kunaruhusiwa kwa yeyote ikiwa kanisa linakubali hivyo, bila kutoa sababu.
5. Kusimama, kuketi au kupiga magoti kuachwe kwa hiari ya mtu.
6. Wagawaji wawafuate waliokaa, safu kwa safu.
7. Matangazo ya kanisa yakumbushe dalili za kifua kikuu na kwamba vipimo na dawa hupatikana bure katika vituo vya serikali.
8. Wagonjwa walio nyumbani na hospitalini waandikwe, na wapelekewe Ushirika ndani ya juma lilelile.

Kumrudia mchimbaji

Katika mfano wa mwanzo, mhudumu wa afya ngazi ya jamii alikuwa na nafasi tatu za kuuzuia upotevu ule. Siku ya kuanza dawa, angemwuliza mgonjwa kama yuko katika usharika au jumuiya yoyote, na kumweleza kwamba kikombe hakimzuii. Kwa idhini yake, angezungumza na mchungaji kabla uvumi haujamfikia. Na mgonjwa alipokosa kuja kuchukua dawa, mtu wa kumtafuta huenda angekuwa yule yule mzee wa kanisa, kama angefundishwa mapema. Mzee anazijua nyumba, anawajua ndugu, na anajua maduara ambako vijana wa kijiji huhamia.

Tangu mwaka 1977 mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma umesimama juu ya jambo moja ambalo dawa peke yake haiwezi kulifanya: kuwepo mtu anayejua kila siku kama mgonjwa amekunywa dawa yake. Matibabu ya kawaida ya miezi 6 yana Jumapili 26. Usharika unaomkaribisha mgonjwa mezani unamwona mara 26, na siku atakayokosa utakuwa wa kwanza kujua.

Maswali ya kujadili

1. Katika kanisa lililo karibu na kituo chenu, nani hupewa mwisho, na kwa sababu gani?
2. Vikombe vidogo vya kanisa hilo huoshwa na nani, kwa maji gani?
3. Mgonjwa wa kifua kikuu akiuliza leo kama anaweza kunywa kwenye kikombe cha pamoja, watumishi wote wa kituo watampa jibu moja?
4. Ni kiongozi gani wa dini anayeweza kuombwa kuwatafuta wagonjwa waliokosa dawa, na siri za wagonjwa zitalindwaje?